Baraka ya Mungu Haina Bei



Mwezi uliopita kijana mumoja wa kwaya yetu alipiga hodi kwangu asubuhi sana, mbele watoto hawajaamuka. Alikuwa amevaa nguo zake za kazi, toshi iko ku kichwa, kamba iko ku bega. Mama Pastor akamupa chai na mukate. Kisha akasema ile kitu yenye ilimuleta:

"Baba Pastor, juu ya nini kanisa yetu haibariki vyombo vya kazi? Benzangu bote ku kariere banabarikiwa. Bananunua mafuta kwa nabii dolari 20, banapakaa ku nyundo na ku kamba, kisha banashuka mu shimo bila woga. Siye tunashuka bure bure, sawa watoto wasio na baba."

Sikumujibu mbio mbio. Si kwamba jibu lilinikosa. Lakini jibu lile nilijifunza kwa njia ya haya, na sipendi kulisema kama vile mimi ni mutakatifu kushinda wengine. Leo nitalisema katika ukurasa huu, ili jamaa zote zisome, na vijana wenye wanashuka mu mashimo wajue.

Miaka ya nyuma nilitoka ku masomo ya Biblia, nikapewa parokia ndogo karibu na kariere. Tulikuwa watu kama 60. Kisha ngambo ya barabara kanisa jipya likafunguliwa, na masanduku ya sauti makubwa, na nabii aliyekuja na gari. Kila Posho mukesha, kila Yenga ushuhuda wa mutu aliyepata mawe mazuri. Vijana wetu wakavuka barabara mumoja mumoja. Nikabaki na wamama, wazee na watoto wadogo. Sadaka ikashuka. Watoto wangu wawili wakarudishwa nyumbani na madaftari yao ku mukono, juu sikulipa feza ya masomo.

Ndipo muzee mumoja wa kanisa, mutu mwema kabisa, alisema katika baraza: "Pastor, tutakosa nini tukiweka siku ya Ijumaa ibada ya kubariki vyombo? Haiko zambi. Wakati umebadilika. Batu banataka ile kitu, na tusipobapatia, batakwenda kuitafuta kwingine."

Nikakubali. Nilinunua mafuta sokoni, nikaomba juu yake, nikaanza kupakaa nyundo, kamba na mikono ya wachimbaji. Sikutaja bei. Nilisema ni "sadaka ya mapendo". Lakini kila mutu alijua kwamba mapendo ni dolari 10. Mwezi wa kwanza kanisa likajaa. Nikalipa masomo ya watoto. Nikaanza hata kusema moyoni kwamba ni Mungu aliyefungua mulango.

Mwezi wa pili, mvua ilinyesha siku tatu mufululizo. Muzee wa kariere aliwakataza vijana kushuka, juu udongo ulikuwa umelowana. Wote wakabaki juu, wakakaa chini ya hema. Mumoja tu akashuka. Alisema: "Miye Pastor alinipakaa mafuta juzi." Shimo likaanguka.

Wenzake walichimba kwa mikono mpaka jua likaingia. Walimutoa, yuko muzima, lakini muguu wake wa kuume ulikatwa. Nilikwenda hospitalini nikitetemeka. Nilifikiri jamaa yake watanifukuza. Hapana. Mama yake alinipa kiti. Na yeye mwenyewe, juu ya kitanda, aliniuliza neno moja tu:

"Pastor, niliharibu wapi? Ile dolari kumi ilikuwa kidogo?"

Ndugu musomaji, neno lile halijaniacha mpaka leo. Kijana yule hakumulaumu Mungu, hakunilaumu mimi. Alifikiri tu kwamba Mungu alihesabu feza yake, akaiona haitoshi. Na ni nani aliyemufundisha Mungu wa namna ile? Si nabii wa ngambo ya barabara. Ni mimi, pastor wa Waprotestanti, mwenye diploma ya masomo ya Biblia ku ukuta.

Mukristo afanye vizuri kujiuliza: ile mafuta iliharibu nini? Wengi wanasema ni desturi tu, haigusi imani. Mimi nasema iligusa mizizi.

Kwanza, iligusa neema. Soma 2 Wafalme 5. Naamani, jemadari wa Shamu, alikuja na feza, zahabu na nguo nyingi. Mungu akamuponya katika Yordani, na Elisha akakataa kupokea hata kitu kimoja. Juu ya nini? Elisha hakuwa tajiri, angeweza kuzitumia vizuri. Alikataa ili Naamani arudi kwao akijua kwamba Mungu wa Israeli haponyi kwa malipo. Lakini Gehazi mutumishi wake akakimbia nyuma ya gari, akaomba kidogo, talanta moja na nguo mbili. Akarudi na ukoma. Wasomaji wengi wanaona kosa la Gehazi ni uwongo tu. Ni uwongo kweli, lakini tena aliharibu ushuhuda: alimugeuza Mungu wa neema kuwa muchuuzi. Na katika Matendo 8, Simoni wa Samaria alileta feza kwa mitume ili anunue uwezo wa Roho Mutakatifu. Petro hakumuambia aongeze wala apunguze. Alimuambia atubu.

Pili, iligusa namna ya kufahamu mateso. Soma Luka 13, mistari mitano ya kwanza. Munara wa Siloamu uliangukia watu 18, wakafa. Watu walitaka kujua zambi yao. Yesu akakataa hesabu ile. Alisema wale hawakuwa wenye zambi kushinda watu wengine wa Yerusalema, na akawaita wote watubu. Wandugu, siye watu wa mines tuliandikiwa mistari hii! Tarehe 27 mwezi wa 6 mwaka wa 2019, udongo ulianguka kule Kolwezi na watu zaidi ya 40 wakafa siku moja. Kati yao walikuwa wenye kuomba na wenye kutoomba. Mutu akikuambia kwamba walikufa juu hawakutoa mbegu, fungua Luka 13 mbele yake.

Tatu, iligusa akili ambayo Mungu alitupa. Kijana yule alikuwa na macho. Aliona mvua. Alisikia muzee wa kariere. Angebaki juu na wenzake. Mafuta yangu njo yaliyomufunga masikio. Katika Matayo 4 Shetani alimupandisha Yesu juu ya hekalu, akamuambia ajitupe chini, na akamutajia Zaburi. Yesu akajibu kwamba haifai kumujaribu Mungu. Kwa hiyo mutu anaweza kumujaribu Mungu na Biblia iko mukononi, hata na chupa ya mafuta iko mukononi.

Wengine wanasema: "Pastor, haya ni mambo mapya ya Congo, Wazungu hawayajui." Hapana, ni mambo ya zamani. Tunaitwa Waprotestanti kwa sababu ya neno la namna hii. Mwaka wa 1517, katika Ujeremani, mutawa mumoja jina lake Johann Tetzel alipita akiuza barua za masamaha. Watu masikini walinunua ili azabu yao, na ya wazazi wao waliokufa, ipunguzwe. Feza ile ilikwenda kujenga kanisa la Petro Mutakatifu kule Roma, na sehemu nyingine kulipa deni la askofu mukubwa Albrecht. Tarehe 31 mwezi wa 10 Martin Luther, mwalimu wa Biblia kule Wittenberg, akatoa maneno yake 95. Hakuanza na kutafuta kanisa jipya. Alianza na huzuni ya muchungaji aliyeona watu wake wakishika karatasi na kuacha toba. Na tuseme kweli, maana jirani zetu Wakatolika wanasoma pia gazeti hili: Kanisa la Roma lenyewe, katika mukutano wa Trento, mwaka wa 1562, liliondoa kazi ya wauzaji wale. Basi itakuwa haya gani, kama siye watoto wa Luther tunarudisha biashara ile, tukibadilisha karatasi na chupa?

Hata hapa kwetu Injili haikuja na bei. Frederick Stanley Arnot alifika Bunkeya, kwa Mwami Msiri, mwaka wa 1886, mbele ya kompani yoyote ya shaba. Mwaka wa 1915 William Burton na James Salter walifika Mwanza, katika inchi ya Waluba. Hawa wawili walikuwa Wapentekoste. Waliamini kwamba Mungu anaponya hata leo, na walihubiri vile. Ninawataja makusudi, ili mutu asidhani kwamba nagombana na uponyaji ao na ndugu zetu wenye kuomba kwa sauti. Sigombani nao. Nagombana na bei.

Kisha tarehe 24 mwezi wa 4 mwaka wa 1990 mulango wa vyama vingi ulifunguliwa katika inchi yetu, na makanisa mapya yakaongezeka katika kila kartie. Wengi kati yao wanamupenda Bwana kweli. Lakini ilikuwa wakati wa njaa. Kompani zilianguka, mishahara haikulipwa. Na mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini na feza ya mwisho mukononi. Nilikuwa kijana wakati ule. Niliona wababa wakipeleka sehemu kubwa ya feza ile kwa watu waliowaahidi kwamba itarudi mara mia. Haikurudi. Watoto wao njo wachimbaji wa leo.

Sasa nijibu maulizo yenye najua mutaniuliza.

"Pastor, Yakobo 5 inasema wazee wapake mugonjwa mafuta." Ndiyo, na sisi tunafanya. Soma vizuri: mugonjwa anawaita wazee wa kanisa, wazee wanakwenda kwake, wanaomba, na kuungama zambi kuko pale pale. Hakuna chupa ya kuuza, hakuna musitari wa watu na feza mukononi, na nguvu haiko katika mafuta. Yakobo anasema ni kuomba kwa imani, na Bwana mwenyewe njo anayeinua.

"Kwani fungu la kumi na sadaka si feza?" Ni feza. Lakini sadaka ni asante kwa yale Mungu aliyokwisha kutenda. Mutu anayetoa sadaka anasema: nimepokea. Mutu anayenunua baraka anasema: nipatie sasa. Feza ni ile ile, moyo si ule ule.

"Basi Mungu hapendi tuwe na mali?" Abrahamu alikuwa na mali, Yobu pia. Lakini Yobu alipoteza yote katika siku moja bila kukosa mbegu hata moja, na rafiki zake waliomutafutia kosa, Mungu aliwakasirikia. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, akajibiwa kwamba neema itamutosha. Mahubiri yasiyo na nafasi ya Yobu wala ya Paulo si Injili nzima.

"Kanisa lisipobadilika, vijana watatoka." Hili njo neno lililonishinda mimi siku ile katika baraza. Kuna mambo ya kubadilika. Wababa wetu waliimba bila gitare, sisi tunaimba na gitare. Walikaa ku miti, sisi tunakaa ku viti. Leo mutu anasoma Biblia ndani ya telefone, na mimi simukatazi. Lakini musalaba, toba, neema ya bure na ukweli wa Neno si viti. Ukiviondoa ili vijana wabaki, watabaki wapi? Watakuwa ndani ya nyumba, lakini kanisa limekwisha kutoka.

Kuna jambo moja linalonihuzunisha kushinda mafuta. Baraka iliyouzwa ikikosa kufika, muuzaji anatafuta sababu, asirudishe feza. Mara nyingi anaonyesha kidole mutoto: yatima, mutoto wa muke wa kwanza, mwenye kukojoa ku kitanda. "Huyu njo mulozi, anafunga mawe." Wababa na wamama, musikubali! Soma Marko 10, Yesu aliwakumbatia watoto, akawabariki bila bei. Na sheria ya inchi iko wazi. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumushitaki mutoto ulozi, na sheria ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka wa 2009 ya kulinda mutoto inamutia kifungoni anayefanya vile. Pastor ao nabii akimutaja mutoto wako, mushike mukono mutoto wako, mutoke.

Sasa mutauliza nilifanya nini kisha siku ile ya hospitali.

Yenga iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa, bila kanzu, nikaungama. Nilisema kwamba niliuza kisichokuwa changu. Ibada ya Ijumaa ikakwisha. Kwa yule kijana nilirudisha dolari zake 10, akacheka kidogo, akasema nizipeleke kwa mama yake. Na nilimujibu maulizo yake: "Haukuharibu kwa Mungu. Haikuwa kidogo wala nyingi. Mungu hakuomba kitu. Miye njo niliharibu." Tulilia wote wawili.

Sitawadanganya kwamba kanisa lilijaa kisha ungamo. Watu kama 20 walitoka wiki ile, na wengi hawajarudi. Muzee aliyeleta shauri alikasirika miezi mingi. Mama Pastor alianza kuuza makala na unga ili watoto wasome. Bati za kanisa zinavuja mpaka leo mvua ikinyesha. Lakini kijana yule anatengeneza telefone mbele ya nyumba yao, na Yenga anaimba nasi, magongo yake yakiwa yameegemea ku ukuta. Na mimi ninalala usingizi.

Yote haya niliyaeleza yule kijana wa kwaya asubuhi ile. Chai ilikuwa imepoa. Alinyamaza, kisha akasema: "Basi Baba Pastor, uniombee bure." Tukapiga magoti, Mama Pastor pia. Kisha amina nikamuuliza: "Shimo yenu iko metre ngapi?" Akainamisha kichwa: "Inapita 40." Sheria inasema shimo la kuchimba kwa mikono lisipite metre 30. Nikamuambia: "Mutoto yangu, nimekuombea kwa moyo wote. Lakini mukishuka pale na mvua hii, usiseme Pastor aliniombea." Alikwenda kusema na wenzake. Walihama, wakaanza pahali pengine, si chini sana. Anasema mawe yanapatikana kidogo. Anasema tena kwamba kila jioni anarudi.

Wapendwa, ninawaachia mashauri haya, muyasome pamoja nyumbani kisha chakula cha jioni:

1. Maombi yenye bei, hata kama bei inaitwa mapendo, muyakatae. Muyakatae kwa mwengine, na muyakatae zaidi kama ni mimi ao pastor wenu anayeyaleta.

2. Muombe kila asubuhi mbele ya kazi, jamaa nzima, bila kulipa mutu. Baba anaweza kuomba. Mama anaweza. Mutoto wa miaka 7 anaweza.

3. Udongo ukilowana, ao muzee wa kariere akikataza, musishuke. Kutii ile ni imani pia.

4. Feza ya masomo ya mutoto isipelekwe mbegu kwa mutu yeyote. Mutoto akiwa ku kalasi hayuko mu shimo.

5. Jirani akifiwa, mumupelekee unga, makala na mukono wa pole. Musimuulize alikosa nini.

Na wewe uliyelipa, ukaangukiwa, na mpaka leo unajiuliza kama feza yako ilikuwa kidogo: hapana. Bei ya kweli ilikwisha kulipwa ku Golgota, na hakuna aliyekuomba uongeze. Njoo kanisani na mikono mitupu. Hata kama mvua inanyesha ndani, tutakutafutia nafasi yenye haivuji.

Neema ya Bwana wetu iwe nanyi wote. Tutaonana mwezi ujao, Mungu akipenda.